Kalenda ya mbio ifuate kalenda ya uhamiaji

Ndugu Mhariri,

Kurasa za michezo huandika habari za baiskeli, kurasa za jamii huandika habari za uhamiaji, na ni nadra mambo haya mawili kukutana gazetini. Majumbani yanakutana kila wiki. Wapo wasomaji wako wanaoendesha baiskeli kwa ridhaa, watu wenye kazi zao na mbio za mwisho wa juma, ambao wakati huohuo wanamwombea mume au mke kibali cha ukaazi, au wao wenyewe ndio wanaoombewa. Tunawaandikia hao, tukiwa watu tuliozoea kushika spana na fomu kwa mikono ileile.

Msimamo wetu ni kwamba faili la uhamiaji ndilo lipange tarehe, na mazoezi yafuate nyuma yake. Hatusemi hivyo kwa kuudharau mchezo. Nguvu za miguu hulindwa kwa saa chache kwa wiki, na hata zikipungua hurudi. Tarehe ya kuchukuliwa alama za vidole ikikupita bila taarifa, ombi zima linaweza kuhesabiwa kuwa limeachwa, ada ikapotea na foleni ikaanza upya. Waendesha baiskeli wengi hufanya kinyume: hupanga msimu mwezi wa kwanza, hulipia mbio zote, kisha kila barua ya uhamiaji inapoingia huionea uchungu kama mgeni aliyekuja wakati mbaya. Uchungu huo humwangukia mwenza, ambaye hakuichagua tarehe hiyo.

Tuanze na hofu ya kupoteza nguvu, maana ndiyo huwafanya watu wang'ang'anie ratiba. Mapema miaka ya 1980 mtafiti Robert Hickson na wenzake huko Marekani waliwapunguzia mazoezi watu waliokuwa wamefanya mazoezi makali siku 6 kwa wiki. Waliobaki na siku 4, na hata waliobaki na siku 2, waliutunza uwezo wao wa kutumia oksijeni kwa wiki 15, mradi ukali wa kila kipindi haukupungua. Ukali ulipopunguzwa, uwezo ulishuka. Kwa hiyo unapoingia wiki za kukusanya hati, kata urefu na idadi ya safari, usikate ukali. Vipindi vitatu vinatosha. Cha kwanza kiwe cha dakika 55 hivi: dakika 15 za kupasha mwili, mara 5 za dakika 3 kwa nguvu ambayo ungeishiwa pumzi kama ungeiendeleza hadi dakika 6 au 7, ukipumzika dakika 3 kati yake, kisha dakika 10 za kupoza. Cha pili kiwe na vipande viwili vya dakika 15 kwa mwendo ambao ungeweza kuushikilia saa nzima, ukitenganisha kwa dakika 5 nyepesi. Cha tatu ni safari ya muda wa saa mbili mwisho wa juma, alfajiri. Jumla ni kama saa 4. Huwezi kuvunja rekodi yako kwa ratiba hiyo, lakini utavuka miezi mitatu ukiwa bado mpanda baiskeli.

Vipindi viwili vya kwanza vifanyie ndani, kwenye trena, yaani stendi inayoishika baiskeli ukanyage pedali bila kwenda popote, kwa sababu muda wake haulegei: hakuna pancha, hakuna taa za barabarani, hakuna rafiki wa kusubiriwa. Weka feni kubwa mbele yako, maana bila upepo joto la mwili hupanda na mapigo ya moyo hukudanganya. Tandika taulo juu ya usukani, kwa kuwa jasho la chumvi hula boliti za shingo ya usukani na beringi zake bila kuonekana. Na chumba chenye trena, mafuta ya mnyororo na unyevu kisiwe chumba cha kuhifadhia vyeti halisi. Tunalisema hili kwa sababu nyumba ndogo huwa na chumba kimoja tu cha ziada, na vitu vyote viwili huishia humo.

Sasa alama za vidole, mahali ambapo baiskeli na uhamiaji hugongana kabisa. Mpanda baiskeli akianguka, hutanguliza viganja. Mchubuko wa changarawe kwenye ncha za vidole huondoa tabaka la juu la ngozi lenye mistari inayosomwa na mashine. Mchubuko mwepesi hupona kwa wiki moja hadi mbili na mistari hurudi kama ilivyokuwa. Jeraha lililozama hadi tabaka la chini huacha kovu na huweza kuibadili mistari daima. Vituo vya maombi ya viza ya Uingereza vimekuwa vikiwaelekeza waombaji wafike bila hina wala majeraha kwenye vidole. Marekani, alama za mwombaji wa uraia zikishindikana kusomeka mara mbili, anaweza kutakiwa kuleta hati za polisi za mahali alipoishi. Hiyo ni kazi ya wiki nyingi kwa ajili ya kona moja iliyokatwa kwa pupa.

Kwa hiyo anayesubiri kuchukuliwa alama avae glavu zinazofunika vidole vyote kwa wiki tatu kabla ya siku hiyo, hata kwenye joto, na aache njia za changarawe na misafara ya watu wengi wanaobanana. Kuna na jambo la pili ambalo watu hawalifikirii: dawa za kusafishia mnyororo na breki hukausha ngozi na kuifanya mistari ififie. Anayejifanyia matengenezo avae glavu za mpira, apake mafuta ya ngozi usiku kwa siku kadhaa, na siku yenyewe anawe mikono vizuri bila kupaka kitu. Gundi ya tairi za kubandika isiguswe kabisa wiki hiyo, maana hujaza mifereji ya ngozi na haitoki kwa sabuni. Ukiwa umeshaumia, usiende ukitarajia mashine itakuhurumia. Omba tarehe nyingine kabla tarehe ya kwanza haijapita, kwa njia iliyoandikwa kwenye barua yenyewe, na uhifadhi uthibitisho wa ombi hilo.

Picha za viza nazo zina mtego wake. Picha ya Marekani ni milimita 51 kwa 51, iliyopigwa ndani ya miezi 6, na tangu Novemba 2016 miwani hairuhusiwi. Uso wenye bandeji au uvimbe wa kuanguka hautafaa. Pigeni picha mapema, kabla msimu haujachanganya, ili isije ikawa kitu pekee kinachosubiriwa.

Uchunguzi wa afya tutauzungumzia kwa kirefu zaidi, kwa kuwa hapo ndipo mtu mwenye afya njema huonekana mgonjwa. Canada na Australia hupima mkojo katika uchunguzi wa uhamiaji, wakitafuta protini, damu na sukari. Safari ndefu au mbio kali huweza kumwaga protini na chembe za damu kwenye mkojo wa mtu mzima kabisa: figo hupitisha vitu hivyo kwa muda kutokana na jitihada yenyewe, na kukaa kwenye tandiko kwa saa nyingi huongeza msuguano. Kwa kawaida hali hiyo huisha ndani ya siku moja hadi tatu. Lakini daktari wa uhamiaji haoni mbio zako za jana, anaona damu kwenye kijiti cha kupimia mkojo. Atakurudisha kupima tena, huenda akakupeleka kwa bingwa wa figo, na faili litasimama mpaka majibu yapatikane. New Zealand huongeza kipimo cha damu cha kreatinini, taka ya misuli inayotumika kupima kazi ya figo, ambayo nayo hupanda baada ya kazi nzito ya misuli na kwa mtu aliyepungukiwa maji. Vimeng'enya vinavyoonyesha misuli iliyoumia, ambavyo baadhi yake huhesabiwa pia kama dalili za ini, huweza kubaki juu kwa siku kadhaa.

Dawa yake ni mapumziko. Siku tatu kamili bila mazoezi makali kabla ya uchunguzi wa mkojo, wiki moja ikiwa umetoka kwenye mbio za saa nyingi. Kunywa maji kama kawaida, usiyanywe kupita kiasi asubuhi hiyo. Mwambie daktari mwanzoni kwamba unaendesha baiskeli, kwa sababu moyo uliozoezwa huweza kupiga chini ya mara 50 kwa dakika ukiwa umetulia, ilhali kiwango cha kawaida cha mtu mzima ni 60 hadi 100, na ni heri aliandike hilo akijua sababu. Mwenye chuma kwenye mtulinga au mbavu zilizowahi kuvunjika achukue barua ya hospitali iliyomtibu, maana picha ya kifua itavionyesha vyote. Chanjo zikihitajika, zichomwe siku ambayo kesho yake hakuna mazoezi. Mkono utauma na homa ndogo si ajabu. Panga pia muda wa majibu: Canada, matokeo ya uchunguzi hutumika kwa miezi 12, na cheti cha kifua kikuu cha Uingereza kwa miezi 6. Ukiwahi sana utapima mara mbili.

Mipaka sasa. Anayeomba ukaazi akiwa tayari ndani ya Marekani kwa fomu I-485, akitoka nje ya nchi kabla ya kupata ruhusa ya kusafiri inayoombwa kwa fomu I-131, huhesabiwa kuwa ameliacha ombi lake, isipokuwa wenye aina chache za viza. Uingereza, ombi lililofanywa ndani ya nchi huchukuliwa kuwa limeondolewa mwombaji akitoka nje ya eneo la safari za pamoja, yaani Uingereza yenyewe, Ireland, Kisiwa cha Man, Jersey na Guernsey. Mtu akisikia "usisafiri" hufikiria uwanja wa ndege. Mpanda baiskeli afikirie barabara. Basel iko pale Uswisi, Ufaransa na Ujerumani zinapokutana, na safari ya jioni ya kilomita 40 inaweza kukanyaga nchi zote tatu. Kati ya Ireland na Ireland Kaskazini kuna vivuko vya barabara zaidi ya 200, vingi havina hata kibao. Uwazi wa mpaka hautoi haki ya kuuvuka kwa asiye na kibali cha upande wa pili, na mwenye hati ya muda inayosema ombi lake linashughulikiwa mara nyingi hana ruhusa ya nchi jirani.

Programu za kupanga njia hazijui hali yako ya uhamiaji. Zinatafuta barabara tulivu na mteremko mzuri, na zitakuvusha mpaka bila kukuuliza. Ukitengeneza njia, ikuze ramani na ufuate mstari wote kwa jicho kabla ya kuipakia kwenye kifaa. Zima mpangilio unaoruhusu kifaa kukuchorea njia mpya chenyewe ukikosea kona. Ukiwa na kikundi, mwambie kiongozi wa safari mapema kwamba wewe huvuki, na mkubaliane mahali pa kugeukia. Aibu ya kugeuka peke yako ni ndogo.

Hata ndani ya nchi, toka na hati. Sheria ya Marekani inamtaka mgeni mwenye umri wa miaka 18 na zaidi abebe wakati wote uthibitisho wa usajili wake, na kadi ya ukaazi ni mmojawapo. Mavazi ya baiskeli yana mifuko mitatu mgongoni, na jasho huloanisha yote. Tumia mfuko wa plastiki wa kubana wenye karatasi ngumu ndani, weka mfuko wa katikati peke yake, mbali na simu na chakula unachochomoa mara kwa mara. Kadi hupotea kirahisi pale mtu anapovuta ndizi huku anaendesha. Nchi zisizodai hati halisi, nakala na picha kwenye simu zinatosha. Ongeza kikaratasi chenye jina la mwenza wako, namba yake na lugha anayoielewa, kimeandikwa kwa lugha ya nchi mliyopo. Ukifikishwa hospitali hujitambui, mke ambaye bado hajaijua lugha ya huko asijikute anatafuta habari zako kwa ishara.

Kuhusu fedha, tatizo kubwa ni muda wa manunuzi. Uingereza iliweka kima cha mapato cha pauni 29,000 kwa mwaka kwa mdhamini wa mwenza kuanzia Aprili 2024, na anayetegemea akiba peke yake alihitaji pauni 88,500 zilizokaa mikononi mwake kwa miezi 6 mfululizo. Akiba ikishuka chini ya kima siku moja tu katikati ya miezi hiyo, hesabu inaanza upya. Fremu ya kaboni iliyonunuliwa mwezi wa tano kwa nia ya kurudisha pesa mshahara ukiingia inatosha kuharibu kazi ya nusu mwaka. Marekani, mdhamini huonyesha mapato ya angalau asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kilichotangazwa kwa ukubwa wa kaya yake, kwa fomu I-864. Kuuza nako kuna karatasi zake. Ukiuza magurudumu au baiskeli ya zamani katika miezi ambayo taarifa za benki zitawasilishwa, hifadhi tangazo, mazungumzo na mnunuzi na risiti, ili kiasi kikubwa kilichoingia ghafla kiwe na maelezo. Kilicho bora ni kutonunua wala kuuza kitu kikubwa mpaka faili liwasilishwe. Badilisha mnyororo, vitambaa vya breki na tairi zilizokwisha, maana huo ni usalama. Mengine yasubiri.

Miezi hiyohiyo ya kukusanya hati za mshahara ndiyo miezi ya kuacha mbio za mizunguko mifupi mjini na zile za kumaliza kwa kubanana. Mtulinga ukivunjika huchukua wiki 6 hadi 12 kupona, na kwa mfanyakazi wa mikono hizo ni wiki za malipo pungufu, zinazoonekana wazi kwenye karatasi ambazo afisa atazisoma. Mbio za kushindana na saa, ambazo kila mtu huanza peke yake, na mashindano ya kupanda mlima, hukupa namba mgongoni bila magurudumu ya watu wengine mbele ya lako.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba mchezo wenyewe unaweza kuwa sehemu ya ushahidi wa ndoa, ukitumiwa kwa uangalifu. Usipeleke picha mia za jukwaani. Chagua chache ambazo nyote wawili mmo, zenye tarehe na mahali, na zenye watu wengine wanaotambulika, zilizopigwa kwa nyakati tofauti. Zenye uzito zaidi ni karatasi ambazo hakuna aliyeziandaa kwa ajili ya uhamiaji: fomu ya kujiandikisha mbio iliyomtaja mwenza kama mtu wa kupigiwa simu ya dharura, bima ya ajali iliyomtaja kama mrithi, uanachama wa familia katika klabu wenye anwani moja. Barua ya mwanaklabu inafaa ikieleza aliyoyaona kwa macho yake, anawajua tangu lini, amefika kwenu mara ngapi, na ikiwa na jina lake kamili na sahihi. Barua inayosema tu kwamba "wanapendana sana" haimsaidii mtu.

Upande wa pili wa jambo hilo ni anwani. Kwa kanuni za UCI, shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, leseni ya mpanda baiskeli hutolewa na shirikisho la nchi ambayo ndiyo makao yake makuu wakati anapoomba, na huisha tarehe 31 Desemba. Mwenza aliyehamia nchi nyingine akaendelea kuhuisha leseni ya kwao kwa sababu ni rahisi, ameandika mahali pamoja kwamba anaishi huku na pengine kwamba anaishi kule. Hivyohivyo kwa rekodi za safari mtandaoni. Faili la GPS lina tarehe, saa na mahali. Fomu ikisema uliishi na mkeo mwezi wote wa tisa na ukurasa wako ulio wazi wa Strava, mtandao wa kuwekea rekodi za safari, unaonyesha milima ya nchi nyingine siku 20 za mwezi huo, mnaweza kusailiwa juu ya hilo na mnapaswa kuwa na jibu: kambi ya mazoezi, tarehe ya kwenda, tarehe ya kurudi. Wanaoomba viza ya Marekani wamekuwa wakitakiwa kutaja majina yao ya mitandao ya kijamii tangu 2019, kwa hiyo msidhani hakuna anayetazama. Ficheni mwanzo na mwisho wa safari ili nyumba yenu isijulikane, lakini msifute rekodi baada ya kuwasilisha ombi. Kufuta huonekana vibaya, na rekodi hizo mtazihitaji.

Mtazihitaji kwa sababu ya hesabu ya siku za nje. Mwenza wa raia wa Uingereza anayeomba uraia huangaliwa asizidishe siku 270 nje ya nchi katika miaka 3, na 90 katika miezi 12 ya mwisho. Canada inataka siku 1,095 za kuwepo nchini ndani ya miaka 5. Kambi ya wiki mbili kila mwaka, mbio mbili za nje, na likizo ya kwenda kuwaona wazazi hujumlishwa pamoja. Fungueni daftari leo: siku ya kutoka, siku ya kurudi, nchi, sababu. Kumbukumbu ya miaka mitano haijazwi kwa kukisia usiku wa kuamkia kuwasilisha fomu.

Kwenye usaili, baiskeli huingia bila kualikwa. Wanandoa huulizwa nani huamka kwanza, Jumapili hupitaje, mara ya mwisho mlikula wapi pamoja. Mume akisema yeye hushinda nyumbani siku za mapumziko, na mke akasema huondoka alfajiri na kurudi saa saba mchana, hakuna aliyedanganya kwa nia mbaya, lakini afisa ameona majibu mawili. Tiba yake ni maisha ya pamoja ya kweli, kukariri hakusaidii. Mwenza ajue jina la klabu, siku za mazoezi, mna baiskeli ngapi na ziko wapi ndani ya nyumba. Naye mpanda baiskeli ajue saa ambazo mwenza wake huenda darasani, dawa anazotumia na majina ya marafiki zake. Ukiyakosa hayo ya pili huku ukijua uzito wa magurudumu yako kwa gramu, tatizo halianzii kwenye usaili.

Faini pia. Fomu I-485 humuuliza mwombaji kama amewahi kukamatwa, kushtakiwa au hata kuandikiwa hati ya kosa na afisa wa sheria, na tiketi ya kupita taa nyekundu kwa baiskeli ni hati ya kosa. Faini yenyewe haiui ombi. Kuificha ndiko hatari. Lipa, hifadhi risiti, iandike. Vilevile asiye na kibali cha kazi asipeleke chakula kwa baiskeli kwa kutumia akaunti ya rafiki, asilipwe kwa kuongoza watalii au kutengeneza baiskeli za klabu, na zawadi ya fedha kwenye mbio aulize wakili kabla ya kuipokea. Kushika chupa za maji pembeni mwa barabara bila malipo ni kitu kingine.

Barua na ujumbe wa mtandaoni wa idara vipangiwe siku. Jioni moja kila wiki, dakika 90, simu mbali, wote wawili mezani: fungueni akaunti ya ombi, someni barua, hesabuni siku. Marekani, muda wa juu wa kujibu barua ya kuomba ushahidi zaidi kwa kawaida ni siku 84, na barua ikija kwa posta huongezwa siku 3. Siku hizo huhesabiwa tangu barua ilipotumwa. Hazianzi kuhesabiwa siku uliyoifungua. Hukohuko, kuhama nyumba hutangazwa ndani ya siku 10. Kibali cha masharti cha miaka 2, wanachopewa waliopata ukaazi kabla ndoa haijatimiza miaka 2, kinaombewa kuondolewa masharti kwa fomu I-751 katika siku 90 za mwisho kabla hakijaisha. Siku hizo 90 ziandikeni kwenye kalenda ya mbio kabla ya mbio zozote.

Na sasa yule anayebaki nyumbani. Mwenza anayesubiri kibali mara nyingi hana ruhusa ya kazi, hana leseni ya gari ya nchi hiyo, ndugu zake wako mbali, na lugha bado inamkwama kooni. Safari yako ya muda wa saa tano Jumapili kwake ni siku nzima ya ukimya. Tunaamini huu ndio uzito halisi wa jambo hili, kupita fomu zote. Ondoka saa kumi na moja alfajiri, rudi saa tatu, kabla siku haijaanza. Safari moja kati ya nne iwe ya wawili, kwa mwendo wake yeye, na kwenye njia atakayoweza kuirudia peke yake: mtu anayeweza kwenda sokoni na maktaba kwa baiskeli yake ameacha kukutegemea kwa kila hatua. Mpimie tandiko lake ipasavyo, goti likunjike kidogo tu pedali ikiwa chini kabisa, na umfundishe kuziba pancha kabla ya kumfundisha gia.

Kwa viongozi wa klabu tuna ombi mahususi. Ruhusuni ada ya mbio ihamishiwe mbio nyingine mwanachama anapoonyesha barua ya miadi ya uhamiaji, kama mnavyofanya kwa cheti cha daktari. Tangazeni njia za safari siku mbili kabla, na muandike wazi pale zinapovuka mpaka. Na fomu zenu za uanachama ziwe na nafasi ya jina la mwenza na anwani, zitunzwe kwa miaka sita, na katibu awe tayari kutoa nakala iliyotiwa muhuri ndani ya wiki moja ya kuombwa.

Wako,
Waendesha baiskeli wa ridhaa na wadhamini wa wenza wao